Nilivyomaliza tabu ya hewa kwenye Hilux yangu ya dizeli

Hilux yangu ni 3.0 dizeli ya tabo (kile kifeni kinachosukuma hewa kwenye injini), injini kama ilivyotoka kiwandani, nabebea karafuu kutoka Konde mpaka Wete, huku Pemba. Ikipanda kilima na mapolo nyuma inakuwa nzito, moshi mweusi, nikaambiwa tia filta ya wazi ile ya pamba yenye mafuta itavuta hewa nyingi.

Nikatia. Mlio ulibadilika kweli lakini nguvu wallahi ikazidi kupungua, maana filta imekaa wazi chini ya boneti pembeni ya injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto oksijeni yake chache, halafu mafuta ya ile filta yakenda kuganda kwenye sensa inayopima hewa inayoingia, kile kiwaya chembamba kama unywele.

Nikaivua. Nikapitisha kidole ndani ya hozi ya mpira inayokwenda kwenye tabo, kikatoka na vumbi jekundu! Kumbe kuna ufa chini ya mkunjo, huuoni mpaka uivute hozi kwa mikono miwili. Vumbi hilo linatafuna mapanga ya tabo jamani, msilidharau.

Nikanunua hozi mpya, sensa nikaipuliza dawa yake ya kusafishia bila kuigusa, nikarudisha boksi la kiwanda linalovuta hewa ya baridi kutoka kwenye madigadi, na filta mpya ya karatasi. Moshi umekwisha, kilima inapanda.

Kama dizeli inayoingia hujaiongeza, hewa ya ziada peke yake haikupi nguvu. Mie ningeongeza snokeli tu, lile bomba la hewa linalopanda mpaka usawa wa paa, ivute juu kusiko na vumbi jingi.