Wanunuzi 64, kesi moja: tulivyoomba idhini ya uwakilishi

Tulikuwa wanunuzi 64 wa viwanja kwenye shamba moja. Fedha tulilipa, hati hazikutoka. Tanzania njia ya kwenda pamoja ipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 1, Kanuni ya 8: wachache wanashtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale. Ila idhini ya mahakama hutangulia. Ukifungua kesi ya "Fulani na wenzake 63" bila idhini, unawekewa pingamizi la awali na kesi inaondolewa kabla shahidi hajasimama.

Kilichotutoa jasho ni orodha. Safu zake: jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya kiwanja, tarehe ya mkataba, kiasi kilicholipwa, simu, saini au dole gumba. Risiti inasema Mwanaidi, kitambulisho kinasema Mwanahidi: hapo inatakiwa hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja. Kumsainia ndugu aliye safarini tulikataa kabisa. Saini moja ya kughushi inatia doa zote. Wawili walikuwa wamefariki, na mjane hawezi kusaini kwa ujane wake tu, lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Muhtasari wa kikao chetu wanunuzi ulitaja wawakilishi watatu (mmoja akiugua au akinunuliwa, wapo wawili), na kama wanaruhusiwa kukubali suluhu bila kurudi kwetu. Hilo la suluhu husahaulika, halafu ndilo linalovunja makundi.

Orodha na muhtasari viliambatishwa kwenye kiapo cha maombi. Idhini ikitoka, wanaowakilishwa wanapewa taarifa, mmoja mmoja au kwa tangazo kama ni wengi mno, na gharama ni ya wadai. Tenga fedha ya gazeti mapema.

Kwenye madai tuliomba kitu kimoja: mikataba itekelezwe, hati zitolewe. Aliyebomolewa ukuta na aliyelipa riba ya benki tuliwaambia wakadai hayo kivyao, kwa sababu yanataka ushahidi wa mtu mmoja mmoja na yanampa mdaiwa hoja kwamba maslahi yetu hayafanani.

Madai ya mkataba yana ukomo (muda wa mwisho wa kufungua kesi) wa miaka 6, na saa haianzi upya siku ya idhini. Tulihesabu kwa kufuata yule ambaye haki yake ilivunjwa kwanza. Alikuwa amebakiza miezi mitano.