Vuli Barabarani, Kutoka Mkoani Hadi Ras Kigomasha

Wageni wengi wa Pemba hushauriwa waje wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kwa kuwa hewa huwa ya ubaridi na mvua ni chache. Mimi nimekizunguka kisiwa hiki kwa gari katika misimu yote, na nashikilia kwamba wakati wake hasa ni vuli, tuseme Oktoba hadi mwanzoni mwa Disemba. Upepo wa kusi huwa umekwisha nguvu na ule wa kaskazi bado haujashika, bahari imetulia kwa tangambili, mvua huja ghafla ikanyesha nusu saa na kukatika, na zaidi ya yote karafuu huwa mitini na majamvini kwa wakati mmoja. Asiyeipita Pemba katika siku hizo ameiona nchi nzuri, lakini hajaiona ikiwa kazini.

Novemba iliyopita nilisafiri na mjomba wangu, mtu aliyezaliwa Mtambile na ambaye hakubali kuendesha gari kwa haraka hata akibembelezwa. Tulishuka bandarini Mkoani asubuhi, tukapanda kilima kile kirefu cha mji, na kabla hatujamaliza kukipanda harufu ya karafuu ilikuwa imekwishaingia garini.

Kisiwa hakizidi urefu wa kilomita 70, kwa hiyo mtu mwenye pupa anaweza kukimaliza kusini hadi kaskazini kabla ya adhuhuri. Kufanya hivyo ni kujinyima. Pemba ni vilima na mabonde yaliyofuatana bila kupumzika, na barabara haina hila ila kuyafuata: unapanda katikati ya mikarafuu na minazi, unateremka penye bonde la mpunga, unakata kona, na mara moja upande wa magharibi linafunguka hori la maji lililozungukwa na mikoko, kisha linafungwa tena na migomba. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na baada ya mvua ya vuli jina hilo halihitaji kufafanuliwa.

Baina ya Mtambile na Chake Chake mjomba alinionyesha mikarafuu mikongwe, mirefu kuliko nyumba, akasema mingine katika hiyo aliikuta babu yake. Karafuu ilifika Unguja mapema katika karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyewasukuma wenye mashamba kuipanda kwa wingi. Unguja ndiyo iliyotangulia, mpaka kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu yake mingi na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa ikiwa imesimama. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 watu waligaiwa mashamba ya eka tatu tatu, na ndiyo sababu ukipita leo huoni shamba moja kubwa la bwana mmoja, bali unaona ua wa kila nyumba una jamvi lake.

Tulipoipita njia ya Pujini, yaliko magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, wingu zito lilikuwa limejikusanya upande wa mashariki. Mbele kidogo, kando ya barabara, bi mkubwa mmoja alisimama akapunga mkono. Hakuwa akiomba lifti. "Simameni wanangu, mvua hiyo yaja!" alisema, na nyuma yake yalikuwa majamvi manne ya miyaa yaliyojaa karafuu, na msaidizi wake pekee alikuwa mjukuu wa umri wa miaka saba hivi aliyewekwa pale kufukuza kuku.

Mjomba aliegesha gari bila kusema neno. Tulishika pembe za jamvi, mbili mbili, tukazikunja kuelekea katikati ili karafuu zisimwagike, kisha tukaliburuta lote hadi chini ya baraza. Lile la kwanza lilikuwa na karafuu za siku ile, za kijani zenye wekundu wa waridi kwenye ncha, nzito na zenye unyevu. La mwisho lilikuwa na za siku ya tatu, zilizokwishaanza kuwa kahawia, na zilipogongana zilitoa sauti kavu kama ya changarawe ndogo. Kwa sauti hiyo, bi mkubwa alinieleza, hujua zimefika wapi. Karafuu nzuri huvunjika ukiibana kwa kidole, na ikinyeshewa kabla ya kukauka hubadilika rangi na kushuka daraja inapopelekwa kuuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Matone ya kwanza yalitukuta tukiburuta jamvi la nne.

Tulikaa barazani mpaka mvua ikakatika, tukamsaidia kuchambua. Unashika kishada, unakisugua kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka upande mmoja na makonyo upande mwingine. Makonyo hayatupwi, kwani huuzwa pia, na ndiyo yanayokamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake. Mikono yangu ilinata na kubaki na weusi kwenye vidole hadi kesho yake.

Naomba hapa niseme neno kwa wenye magari. Katika msimu huu wapo wanaoanika hadi ukingoni mwa lami, ingawa huhimizwa wasifanye hivyo kwa kuwa karafuu hushika uchafu na harufu ya mafuta. Hata hivyo jasho lililo juu ya lami ile ni la familia nzima, na anayepita mbio akiyakanyaga majamvi ya watu amefanya jambo baya. Punguzeni mwendo.

Usiku tulilala Chake Chake, tukala mkate wa mofa kwa supu ya pweza. Asubuhi tulichagua barabara ya zamani ya kwenda Wete, kwa sababu ya kona zake na mabonde yake, kisha tukashika njia ya Konde.

Kutoka Konde barabara huingia ndani ya msitu wa Ngezi, na hapo mjomba huzima redio kwa desturi yake. Mwanga hupungua ghafla, hewa huwa na ubichi wa ardhi iliyolowa, na kando ya njia husimama mpapindi, mnazi mwembamba wa porini usioota kiasili popote ila Pemba. Popo wakubwa wa Pemba, ambao nao hawapatikani pengine, huishi katika msitu huu.

Ukitoka msituni, ufukwe wa Vumawimbi upo upande wa mashariki wa rasi, na jina lake limebeba sauti yake. Ila siku ile wimbi halikuvuma. Maji yalikuwa yametoka, mchanga mweupe ulienea mbali, na wavuvi wawili walikuwa wakiziba nyufa za ngalawa kwa pamba na mafuta. Mbele zaidi, Ras Kigomasha, umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900, na ng'ombe waliokuwa wamefungwa kwenye nyasi zilizouzunguka hawakutushughulikia hata kidogo. Tulikaa pale mpaka alasiri, tukiangalia mkondo wa Pemba ukibadilika kutoka buluu hadi rangi ya chuma.

Siku ya kurudi Mkoani tulipita tena njia ya Pujini. Majamvi manne yalikuwa nje, mjukuu yuko palepale na fimbo yake, na lile jamvi lililokuwa la kijani sasa lilikuwa la rangi ya kahawia hafifu. Bi mkubwa aliinama, akaokota karafuu moja, akaibana kwa kidole, akatikisa kichwa. "Bado," alisema. "Siku mbili, tukijaaliwa jua."