Safari ya Gulu na sala isiyoomba kitu

Basi la Gulu lilikuwa linapakia Kisenyi, katikati ya Kampala, tangu gizani. Tulipofika, vijana wa mizigo walikuwa wameshapandisha magodoro na magunia juu ya paa, na utingo anaita abiria kwa sauti iliyokwisha kukauka. Tulikuwa wawili, mimi na mkufunzi wangu, mashati meupe, tai, na kibao cheusi cha jina kifuani. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akiuza mandazi akasoma kibao changu, kisha akaniangalia usoni. "Vijana ya Mungu, munaenda wapi na hii baridi?" Nikamwambia Gulu. Akatufungia mandazi, akaongeza mawili juu ya hesabu, akasema hayo ni ya njiani.

Mimi ni wa Kibwezi, kaunti ya Makueni. Niko Uganda kwa misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Sisi wavulana tunatumikia miaka miwili, hatulipwi mshahara, na gharama hutoka kwetu na kwa familia zetu. Misheni ya Kampala, yaani eneo letu la kazi, ilianza mwaka 2005, kabla ya hapo Uganda ilikuwa chini ya misheni ya Nairobi. Mgeni akifika huwekwa chini ya mkufunzi kwa wiki 12 za kwanza, na wangu ni Mghana, mrefu, mpole, ambaye hasemi Kiswahili ila anajua kuamkia kila mtu. Kanisani tunaitana Mzee, hata kwa umri wetu huu. Tulikuwa katikati ya mafunzo hayo, tunahudumu upande wa Katwe, pale rais wa misheni, kiongozi wetu, alipopiga simu: fungeni mizigo, mnahamia Gulu wote wawili.

Niseme kwanza maisha ya mafunzo yanavyokwenda, kwa sababu safari hii isingekuwa na maana kwangu bila hayo. Tunaamka saa kumi na mbili na nusu. Mazoezi kidogo, maji ya kuoga, uji, kisha masomo: saa nzima peke yako na maandiko, halafu pamoja na mwenzako. Ndipo tunatoka, na huko nje ni kutembea. Kampala ni vilima tupu. Unapanda, unashuka, vumbi jekundu linakaa kwenye ukosi wa shati, na jioni unausugua ukosi huo kwa sabuni ya kipande kwenye beseni mpaka vidole vinakunjamana. Mkufunzi wangu hufua mashati yake kwa utulivu wa mtu anayesali. Saa tatu usiku tuwe tumerudi, saa nne na nusu taa inazimwa. Hatuachani, popote aendapo nipo.

Na kila usiku, kabla ya kupiga magoti, ananiuliza swali moja: "Leo ni nani?"

Ni kanuni yake. Sala ya mwisho wa siku haiombi kitu. Asubuhi tunaomba, mchana tunaomba, mlangoni kwa watu tunaomba. Usiku ni kushukuru tu, na hairuhusiwi kushukuru kwa jumla. Lazima nimtaje mtu na alichofanya. Siku za kwanza nilikuwa nahangaika kumpata hata mmoja. Baadaye nikaanza kutembea mchana macho yangu yakiwa wazi, nikiweka akiba ya usiku. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopata hapa, na haliko kwenye mwongozo wowote wa mafunzo.

Mfano ni yule mama wa Katwe. Alikimbia vita Kivu, anaishi chumba kimoja na watoto wake, anashona nguo. Mara ya kwanza alituletea chai. Sisi hatunywi chai wala kahawa, ndiyo sheria yetu ya afya, Neno la Hekima. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, kukataa chai ya mwenyeji ni jambo zito, na nilimweleza kwa heshima zote nilizofundishwa nyumbani. Hakununa. Mara iliyofuata tulikuta amechemsha majani ya mchaichai aliyochuma kwa jirani, ameyaweka kwenye birika lilelile, na vikombe vimepangwa juu ya kitambaa kilichodariziwa. Alikuwa amefikiria juu yetu wakati hatupo. Usiku ule swali lilipokuja nilikuwa na jibu kabla halijaisha.

Basi liliondoka jua likiwa limepanda. Kawempe, Matugga, Bombo. Bombo walipanda Wanubi wawili wazee, kofia safi, na Kiswahili chao kikajaza viti vya nyuma, kile Kiswahili cha kambini kilichokuja na jeshi la Mwingereza. Wobulenzi na Luweero mananasi yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu, na harufu yake inaingia dirishani. Kote huko ni kijani. Mtu wa Ukambani akitazama kijani hiki hutulia. Kwetu mvua ikikataa msimu mmoja, mama huamka usiku kwenda kupanga mitungi kisimani, na punda wa jirani huazimwa kwa zamu. Hapa maji yanatuama mtaroni na hakuna anayeyaangalia.

Baada ya Nakasongola nchi inabadilika. Miti inapungua, inakuwa nchi ya ng'ombe na mkaa. Tulivuka mto Kafu, na si mbali na Bweyale gurudumu la nyuma likapasuka. Pancha si habari kwenye barabara hii, ila jeki haikuwa nzima, basi dereva akatuma mtu mbele na sisi tukashuka kutafuta kivuli.

Kivuli kilikuwa cha mwembe, na chini yake alikuwepo mama anayechoma mahindi. Nilimwamkia kwa Kiingereza. Akajibu kwa Kiswahili, na hakikuwa Kiswahili cha Uganda.

"Wewe ni wa wapi, kijana?"

"Kibwezi, mama."

Aliweka chini kipepeo cha moto. "Kibwezi! Mvua imenyesha huko?"

Yeye alitoka upande wa Eldoret mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi. Wakenya waliovuka Malaba na Busia mwanzoni mwa mwaka ule baadaye walihamishiwa Kiryandongo, makazi ya wakimbizi yaliyo hapo karibu na Bweyale, na sehemu kubwa ya majirani zao leo ni Wasudani Kusini. Wengine walirudi nyumbani. Yeye hakurudi, na hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Alitaka habari za mvua, bei ya unga, kama barabara ya Mombasa bado inauma watu. Nilimjibu yote niliyoyajua. Alipoona vibao vyetu alisema, "Mimi nina kanisa langu, lakini kaeni." Tukakaa.

Kisha akaingia nyuma ya kibanda akatoka na kidumu cha njano na kikombe cha bati. Maji yalikuwa ya baridi kabisa, yamefunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Alimpa mkufunzi wangu kwanza kwa sababu ndiye mgeni zaidi, halafu mimi, halafu akazunguka na kidumu kile kwa abiria wote waliokaa kivulini, mtoto kwa mzee, mpaka kikaisha. Nilimwuliza anachota wapi. Akanionyesha kwa mkono: bomba la makazi, mbali, na foleni juu yake. Nilitoa pesa ya mahindi akaipokea. Ya maji akaisukuma nyuma. "Maji hayauzwi kwa mtu wa nyumbani."

Hatukumhubiria. Mkufunzi wangu, ambaye hupenda kufundisha kuliko kula, alishika kile kipepeo akaanza kumpepea moto ili mama apumzishe mkono. Waliendelea hivyo bila lugha ya pamoja mpaka basi likapiga honi. Huyo ndiye mwalimu niliyepewa, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Karuma tulipita alasiri. Nyani wamekaa ukingoni mwa lami wakingoja ganda la ndizi, mabango yanakataza kuwalisha na abiria wanawalisha. Basi linapunguza mwendo, linashuka, kisha ghafla Nile iko chini yako, nyeupe kwa povu, inapiga mawe kwa kishindo kinachoshinda injini. Jirani yangu wa kiti akanionyesha upande wa bwawa la umeme lililozinduliwa Septemba 2024, megawati 600, mitambo yake imefukiwa chini ya ardhi. Mimi nilikuwa natazama maji tu. Sikuwahi kuona mengi namna ile yakienda mahali pamoja. Ukivuka daraja umeingia Kaskazini: nyumba za msonge, na vitita vya ufuta vimesimamishwa kwenye fito vikauke.

Gulu tulifika jioni. Tulipopiga magoti usiku ule hapakuwa na swali. Sote tulijua ni nani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya mwezi, siku yetu ya kufunga. Huli wala hunywi kwa milo miwili, na thamani ya chakula hicho inatolewa kwa wasio nacho. Sakramenti yetu ni mkate na maji, hatutumii divai, kwa hiyo tone la kwanza lililogusa ulimi wangu siku ile ya joto lilikuwa kwenye kikombe kidogo kuliko kifuniko cha chupa. Shemasi, mtoto wa darasa la sita hivi, alishika trei kwa mikono miwili na hakumwaga kitu.

Halafu washiriki wakasimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Mama mzee wa Kiacholi alishukuru kwa barabara. Kijana aliyekaa nami alinitafsiria sikioni. Wakati wa vita vya waasi wa Kony, alisema, barabara ilikuwa kitu cha kuogopwa, na watoto wake walitembea kila jioni kuja kulala mjini ili wasitekwe. Sasa anaweka akiba ili aende Nairobi hekaluni, nyumba yetu takatifu ya ibada maalum, si kanisa la kila Jumapili: Gulu hadi Kampala, Kampala hadi mpakani, usiku na mchana, na barabara yote iko wazi. Wazazi wangu waliweka akiba miaka mingi kwenda hekalu la Johannesburg. Mimi nilipanda basi la asubuhi tu kutoka Kibwezi, kwa kuwa la Nairobi liliwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025. La Kampala limetangazwa tangu Oktoba 2024, na yule mama akaambiwa na mtu kwamba angoje hilo, liko karibu. Alisema hangoji. Ana nauli ya kwenda tayari, bado ya kurudi.

Leo ni Jumatatu, siku yetu ya maandalizi: kufua, soko, barua, na simu ya nyumbani. Tangu 2019 wamisionari wanaruhusiwa kupiga simu kila wiki. Mjomba wangu alipotumikia alisikia sauti ya nyanya mara mbili kwa mwaka. Mama aliuza mbuzi wawili ninunuliwe suti na viatu, na kila wiki huuliza kwanza habari za viatu. Nilimsimulia habari za mama wa Bweyale. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua watu wa kwao ni akina nani, labda kuna anayewafahamu, maana ana dada yake wa kanisa aliyeolewa Eldoret. Ameahidi kuuliza.

Kesho tunakwenda Layibi, hapa hapa Gulu, kwa mzee mmoja, askari mstaafu, Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu. Ufuta wake umekauka na hana wa kumsaidia kuupura. Ametuambia tuje na nguo za kazi, na tufike kabla jua halijawa kali.