Mkate Ukiumuka, Mkono Usuke Ukili

Mkate wa kumimina una saa moja na zaidi ambayo mpishi hana la kufanya ila kuuacha. Wengi huiona saa ya kupotea, wakashika simu. Kwangu mimi ndiyo saa tamu kuliko zote nyumbani: unga unaumuka pembeni, chane ziko mapajani, alasiri inakwenda. Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa chane, yaani ukindu (majani ya mkindu) uliochanwa mwembamba, kisha hushonwa ukawa kawa. Kazi hizi mbili, mkate na ukili, zimezoeana siku nyingi. Tui huchujwa kwa kifumbu kilichosukwa, mkate hufunikwa kwa kawa iliyosukwa, na hakuna kati yao inayotaka haraka wala pesa nyingi. Nazieleza zote mbili kwa vipimo, maana raha yake huondoka pale kitu kinapoharibika na mtu asijue kimeharibikia wapi.

Mchele huanza usiku. Vikombe viwili vya robo lita, yaani kama gramu 400, vioshwe mara tatu nne kisha vilowekwe kwa maji yanayoufunika mchele vidole vitatu. Saa sita ni chache, usiku mzima ni bora. Chukua punje uibonyeze kwa kucha: ikisagika ikawa unga, maji yameingia mpaka ndani, ikikatika vipande vigumu, bado. Hapa ndipo mikate mingi inapoharibikia, kwa sababu blenda haiwezi kusaga vizuri punje iliyo kavu ndani, na zile chembe zitashuka chini ya sufuria na kukaa tabaka gumu ambalo halipandi kamwe. Basmati hufaa sana. Mchele mpya uliotoka kuvunwa karibuni hunata, na ule uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa uwacheni kwa wali.

Nazi iwe kubwa na kavu, ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ikune kwa mbuzi bila kufika kwenye ile ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu, maana hiyo hutia mkate rangi ya vumbi. Mimina nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu juu ya nazi, ifinye vizuri kwa mkono, kisha ikamue kwa kifumbu. Utapata karibu kikombe kimoja cha tui zito. Tia maji tena, nusu kikombe, kamua mara ya pili, tui hili jepesi liweke mbali: ni la kurekebishia unga ukiwa mzito. Chicha wape kuku. Kifumbu kioshwe papo hapo kwa maji matupu na kutundikwa juani, kwani tui likikaukia kwenye misuko huchacha, na harufu ile utaikuta kwenye tui la kesho.

Sasa chuja mchele maji yote, tia kwenye blenda pamoja na tui zito, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chenga, vijiko viwili vya kulia vya wali uliopikwa, na ute wa yai moja. Wali huu mtu huweza kuuona hauna maana, lakini ndio unaobeba kazi. Mchele hauna ule mvutano wa unga wa ngano unaonasa hewa ya hamira. Wali ulioiva, pamoja na ute, ndivyo vinavyoushika ule mchanganyiko ili mapovu yasipasuke na kutoka. Asiye na wali achote vijiko vitatu vya unga aliousaga, auchemshe na maji kidogo mpaka uwe uji mzito, aupoze kabisa, aurudishe kwenye blenda. Saga mpaka ukichukua tone na kulisugua baina ya vidole usisikie mchanga. Blenda ikipata moto ipumzishe, kwa sababu unga ukishakuwa wa moto hamira hufa kabla haijaanza.

Uzito wake ndio siri kubwa. Ukiinua mwiko, unga uanguke kwa mfululizo bila kukatika, na alama yake juu ionekane kidogo kisha ipotee. Ukianguka kwa madonge, ongeza tui jepesi kijiko kimoja kimoja. Ukiwa maji maji mno, mkate utapanda kisha utaanguka katikati ukipata moto. Usitie sukari sasa. Sukari nyingi mwanzoni huizuia hamira, na ikiyeyuka huulainisha unga, kwa hiyo uzito uliokwisha kuupata utakudanganya. Funika bakuli kubwa, weka mahali pasipo na upepo, uende kwenye ukili.

Kwa ukili wa kujifunzia, chane ziwe tayari. Ukindu hukatwa ungali mchanga, makuti yake yakiwa bado yamefumbana, na kwenye shina la kuti mna miiba inayochoma vibaya, kwa hivyo shika mbali na chini. Mkindu huota vichaka vya mashina mengi: chukua jani moja changa kwa shina, uache shina lipumue. Ukindu huanikwa juani siku tatu au nne mpaka ugeuke kutoka kijani kuwa mweupe wa maziwa, na kila jioni uingizwe ndani. Umande wa usiku mmoja tu huacha madoa ambayo hayatoki. Mwenye kukaa mjini asihangaike na haya. Ukindu ulioanikwa tayari, mweupe na wa rangi, huuzwa sokoni kwa mafungu. Ukinunua, kunja jani moja mara mbili: lisikatike.

Chana kila jani kwa ukucha au pini lipate chane za milimita tatu. Ziwe sawasawa. Chane moja nene katikati ya nyembamba huufanya ukili upinde upande mmoja na hautanyooka tena, hata ukiulalia. Kabla ya kusuka, zinyunyizie maji na uzifunge kwenye kitambaa kibichi robo saa. Usiziloweke kwenye ndoo. Chane iliyojaa maji huvimba, utasuka na kukaza ukidhani umepata, kisha ikikauka itasinyaa na ukili utakuwa na nafasi za kupitisha kidole. Chane kavu nayo hupasuka kwenye mkunjo. Unyevu unaotakiwa ni ule wa jani kupinda bila kulia.

Kwa kawa ya kufunikia sahani, chane kumi na moja zatosha. Ukili utatoka upana wa sentimita mbili na kitu. Zifunge pamoja kichwani, kisha zigawe, sita kushoto na tano kulia, zote zikitazamana mshazari. Shika ya nje kabisa upande wenye sita, ikunje kuelekea ndani, ipitishe juu ya moja, chini ya moja, juu, chini, juu, mpaka ifike katikati na kuhamia upande wa pili. Sasa kulia ndiko kwenye sita. Shika ya nje ya kulia, fanya vilevile kuja kushoto. Basi, hakuna jengine. Vidole vikishazoea, macho hayahitajiki tena, na hapo ndipo mtu anapoweza kuzungumza, kusikiliza redio, au kukaa kimya tu na mkono unakwenda.

Kila mkunjo wa pembeni ubonyezwe kwa kucha, la sivyo ukingo utakuwa mviringo na hautashoneka vizuri. Chane ikibakia urefu wa kidole, laza mpya juu yake na uzisuke pamoja mapito matatu au manne, kisha uiache ya zamani ichomoze upande wa chini. Usiunge chane mbili zilizo jirani mahali pamoja, maana ukili utakatikia hapo hapo. Vichwa vinavyochomoza vikatwe ukili ukishakauka, si kabla. Unaohitajika ni kama pima nne (pima ni urefu wa mikono miwili ikinyooshwa) kwa kawa ya kufunika sahani ya sentimita 30. Kwa alasiri moja moja hukamilika polepole, na ukili uliokwisha kusukwa hauharibiki. Uviringe, uweke chini ya godoro ulale na kunyooka.

Rudi jikoni unga ukiwa umepanda karibu maradufu na juu pana vipovu. Siku za kaskazi dakika 45 huweza kutosha, siku za kipupwe huenda ukangoja saa moja na nusu, kwa hiyo tazama bakuli usitazame saa. Ukiuacha ukapanda mpaka ukaanza kushuka wenyewe, utakuwa mchachu na mkate utakuwa bapa. Sasa tia sukari, robo tatu ya kikombe, na hiliki kijiko kimoja cha chai iliyotwangwa wakati huo huo. Hiliki ya kopo iliyokaa miezi haina kitu. Changanya taratibu kwa mwiko mpaka sukari ipotee, funika tena dakika 15 au 20 upate kupumua, na ukishapanda mara hii ya pili usiukoroge tena.

Washa seredani mapema. Sufuria iwe nzito, ya upana wa sentimita 24 au 25 na kina cha sita au zaidi. Pakaza samli kijiko kizima chini na pembeni, iweke motoni, udondoshe tone la unga: likitoa sauti, mimina. Sufuria isiyopata moto ndiyo inayoshika mkate, watu wakalaumu samli. Moto wa chini uwe wa wastani. Baada ya dakika kama kumi utaona pembeni pamekamata na juu pametoka matundu. Hapo punguza makaa ya chini yabaki machache, funika kwa mfuniko wa bati au sinia, na upalie makaa juu. Makaa ya juu yana kazi mbili: kuufanya uso uwe wa rangi ya dhahabu, na kuuweka mfuniko katika moto ili mvuke usigande na kudondoka. Mfuniko wa baridi hutoa machozi, na kila tone huacha shimo la majimaji juu ya mkate. Ukitaka kutazama, inua mfuniko kwa koleo moja kwa moja juu bila kuuinamisha, jivu lisimwagike.

Dakika 15 hadi 20 za kupalia hutosha. Choma kijiti katikati, kitoke kikavu. Wenye oveni waiwashe mapema, nyuzi 180, kisha waingize sufuria baada ya kukamata pembeni, karibu nusu saa. Kwa jiko la gesi, weka bamba la chuma baina ya moto na sufuria, na uso wa mkate utaupatia rangi kwa kuipindua sufuria nzima kuelekea moto mwishoni, mkate ukiwa umeiva na hauanguki. Mimi bado naupendelea wa makaa, hasa ya kifuu, kwa ile harufu inayobaki kwenye ganda.

Acha upoe mpaka sufuria ishikike kwa mkono mtupu. Mkate wa moto ukikatwa hunata kwenye kisu na matundu hujifunga. Ukiukata uliopoa na ukaona matundu marefu yaliyosimama kutoka chini mpaka juu, umepata. Matundu yakiwa juu tu na chini pana tabaka la uji mgumu, unga ulikuwa mwepesi au haukusagika. Matundu yakiwa madogo mno na mkate mzito, hamira ilikuwa imekufa au unga ulikuwa mzito. Hamira ya pakiti iliyofunguliwa ipime kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Dakika kumi zikipita bila povu, itupe.

Kuishona kawa ni kazi ya mwisho na ndiyo inayohitaji subira kuliko kusuka. Anza kileleni: viringa mwanzo wa ukili kizingo kidogo kilichokazana, ukishone kwa shazia na uzi imara, kisha uendelee kuuzungusha, ukingo wa mzunguko mpya ukikaa juu kidogo ya ukingo wa uliotangulia. Umbo unalitawala kwa mvuto tu. Ukiuvuta ukili wakati wa kushona, kawa itasimama na kuwa na ncha. Ukiulegeza, italala na kutanuka. Ukizidi kuulegeza, ukingo utapata mawimbi, na hapo dawa ni kufumua mzunguko mmoja, si kuulazimisha. Kila mizunguko miwili ifunike juu ya sahani uone inavyokwenda. Mwisho wa ukili upunguzwe chane moja moja uwe mwembamba, ushonwe chini ya ukingo usionekane.

Rangi zitiwe kwa kiasi. Chane za kutiwa rangi ya dukani huchemshwa kwenye maji yaliyokwisha kuchanganywa rangi, dakika kumi na tano hivi, kisha huanikwa kivulini. Kabla ya kuzisuka, sugua moja kwa kitambaa cheupe kibichi. Ikiacha alama, isiingie kwenye kawa, maana mvuke wa chakula utaiyeyusha na kuidondosha kwenye mkate. Mstari mmoja wa zambarau au kijani karibu na ukingo unapendeza kuliko kawa iliyojaa rangi zote, na wa ndani ubaki mweupe.

Mkate ukibaki mpaka asubuhi, usiuweke kwenye friji kama utaliwa siku ya pili, kwa sababu ubaridi huufanya mchele ukakamae. Ila siku za joto kali usipite asubuhi hiyo, una tui. Kata vipande, viweke kwenye kikaango kikavu chenye moto mdogo, funika dakika tatu, vinalainika tena na chini pakapata ukoko mwembamba unaopatana sana na chai ya rangi yenye mdalasini. Kawa nayo, ikitoka mezani ina mvuke ndani, ianikwe kichwa chini mpaka ikauke kabisa. Ikitundikwa na unyevu wake itaota ukungu, miezi ya masika zaidi, na weusi huo kwenye ukindu hautoki kwa kuosha.