Begi la melini limenishinda

Wiki ijayo napanda meli ya kitalii Barcelona, siku saba, mara ya kwanza maishani, maana mimi meli ninayoijua ni boti ya Zanzibar na kule unabeba mfuko wa kutapikia basi safari imeisha. Sasa nimekaa hapa Sinza begi liko wazi kitandani, kila nikitoa kitu kimoja narudisha viwili.

Kulabu za sumaku nimechukua sita, Kariakoo, kwa sababu kuta za vyumba vya melini nyingi ni za chuma na chumba chenyewe kidogo kama choo cha wapangaji, kwa hiyo kofia, taulo, mkoba vyote vinaning'inia ukutani. Hii nimeipenda sana jamani.

Ekstensheni nayo nilishaiweka, mara nikaambiwa zile zenye kinga ya umeme kupanda ghafla meli nyingi hawaruhusu, wanakunyang'anya kabisa, na pasi ndo usithubutu, wanaogopa moto. Nikatoa, nikaweka adapta na chaja yenye matundu manne, soketi za Ulaya si zetu hizi za pini tatu.

Tangawizi ipo. Kanga mbili, hizo hata sijadiliani na mtu.

Mama kasisitiza niweke pilipili ya kopo, nikamwambia mama kule chakula kipo mchana na usiku, akasema chakula kipo, pilipili je? Nimeweka.

Halafu dawa na nguo ya kuogelea naweka begi la mkononi, maana begi kubwa siku ya kwanza linaweza kufika chumbani jioni.