Randa ya Keko: bolti imeshika, halafu nikaona herufi ubavuni

Imeshika. Jana usiku nimekaza mkono wa nyuma wa ile randa ya Keko, nikainyanyua kwa mkono huohuo, nikaitikisa kama mtu anayesikiliza maji ndani ya dafu. Kimya. Nikaipitisha kwenye ubao wa mninga mara tatu, maranda yakashuka marefu mpaka sakafuni. Wiki tano zimekwenda kwa bolti isiyofika urefu wa kidole, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Kwa ambao hamkuwepo mwanzoni: randa niliitoa kwa mzee mmoja wa Keko, Dar es Salaam, anayefunga karakana yake, shilingi 18,000 pamoja na patasi mbili na keekee bovu. "Chukua mjukuu wangu, hiyo ya Mjerumani." Kwa wazee wetu kila chuma kizito ni cha Mjerumani: daraja, pasi ya mkaa, cherehani. Sikubisha. Nililipa, nikaaga, nikaondoka kabla hajageuza mawazo.

Nadharia yangu mwenyewe haikuwa bora sana kuliko yake. Mfuniko unaobana kisu umeandikwa STANLEY, jina la kampuni ya zana ya Marekani, na tundu lake lina umbo la tundu la ufunguo. Mnajua hesabu hiyo: jina kwenye mfuniko lilianza 1925, na 1933 tundu likabadilishwa likawa kama figo. Urefu inchi 14, kisu inchi 2, mbele pameandikwa No 5. Nikaandika kwenye daftari "Stanley namba 5, Marekani, 1925 hadi 1933", nikapiga mstari chini mara mbili. Mstari huo nitaurudia.

Sasa bolti. Mkono wa nyuma ulikuwa unacheza kwa sababu mtu fulani, Mungu amsamehe, alipopoteza bolti ya asili alichukua bolti namba kumi ya pikipiki, yaani ile ya milimita 6, akailazimisha. Ikaingia nusu, ikakatikia ndani. Randa za Stanley, na zile zilizoigwa kwao, zina thredi (nyuzi za bolti) ya peke yake: unene kama milimita 5.5, nyuzi 20 kwa inchi. Madukani haipo. Nimeimaliza mitaa ya Gerezani hapa Dar duka kwa duka, na kila muuzaji anatoa namba kumi ileile, anaipimia hewani, anasema, "Hiihii bosi, utaigonga kidogo." Kugonga kidogo ndiko kulikotufikisha hapa!

Kukitoa kipande kilichokatika kulichukua wiki mbili. Mafuta ya taa siku tatu, hola. Mafuta ya breki, hola. Moto niliuogopa, maana mwili wa randa ni chuma cha kumiminwa. Hakipindi, kinapasuka, na kikipasuka umebaki na kizuizi cha mlango. Mwishowe nilitoboa katikati ya kipande kwa biti ya milimita 3, nikaingiza kwa nyundo mkia wa tupa bovu niliousaga pembe nne, nikaugeuza kwa spana nyuzi kwa nyuzi, huku nimeshika pumzi. Kilipolegea nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Tundu lililobaki lilikuwa aibu. Chini nyuzi za zamani nzima, juu yake mikwaruzo ya yule bwana wa pikipiki. Mafundi watatu waliniambia jambo moja: panua, piga tapu (chuma cha kukatia nyuzi ndani ya tundu) ya milimita 6, maisha yaendelee. Ingefanya kazi, nakiri. Lakini nati ya shaba inayokaa juu ya mkono ni ya asili, ina thredi ileile ya ajabu, na sikuwa tayari kuitupa ili tu nimalize mapema.

Jibu lilinijia ndani ya daladala, nimesimama, nimebanwa na gunia la mkaa. Robo inchi ya kawaida nayo ina nyuzi 20 kwa inchi! Unene wake ni mkubwa zaidi, milimita 6.35, lakini umbali kati ya uzi na uzi ni uleule. Kwa hiyo tapu ya robo haikati njia mpya. Inaingia kwenye mifereji ya zamani, inaipanua, na mikwaruzo inafutika njiani. Nilipitiliza kituo.

Nilitumia tapu zote tatu za seti, maana tundu halikutoboka upande wa pili na tapu ya kuanzia haifiki chini. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, tena. Ilikwenda kama inayoijua njia. Kisha nikampelekea mkereza kipande cha fito ya robo inchi yenye nyuzi: mwisho mmoja auache ulivyo, mwisho wa pili aupunguze hadi 5.5 na akate nyuzi 20, akiijaribu kwa nati yangu ya shaba. Akaniangalia. "Bolti moja, viatu viwili tofauti?" Akacheka, akaikata vizuri sana, akataka 7,000. Zaidi ya theluthi ya bei ya randa, na sikuomba punguzo hata la mia.

Mpango wa leo ulikuwa kunyoosha tumbo la randa kwa msasa juu ya kioo, halafu kuchonga kirungu kipya cha mbele. Kipande cha mpingo ninacho tayari, nilipewa na wachongaji wa Mwenge, na kinafaa kuliko mnavyodhani: mbao nyekundu ya Brazili iliyokuwa ikiwekwa kwenye mikono ya Stanley za zamani ni ya jamii moja na mpingo wetu, zote ni Dalbergia. Lakini sikufika huko. Nilipokuwa nafuta mafuta ya tapu, rangi nyeusi ikabanduka kwa ganda zima. Chini yake, bluu.

Stanley wa miaka ile ya daftari langu hawakupaka hizi randa bluu, walipaka nyeusi. Aliyepaka bluu wakati huo ni Record, kampuni ya Sheffield, Uingereza. Nikachokoa maandishi ya mbele kwa kijiti cha meno, na kando ya ile 5, ndani ya donge la rangi, kukatokea sifuri: No 05. Record walianza kutoa randa hizi 1931, wakifuata umbo la Stanley na kuongeza sifuri mbele ya namba. Kwa hiyo mfuniko ni wa Mmarekani, mwili wa Mwingereza, na bolti sasa ya Gerezani. Daftari nimelifuta.

Nikaendelea kubandua kwa kucha na mafuta ya taa tu. (Brashi ya waya kwenye drili acheni kabisa, jamani. Inang'arisha, ndiyo, na inafuta kila kitu mnachokitafuta.) Ubavuni, karibu na kisigino, zikatoka herufi ndogo zilizogongwa kwa mkono, moja imekaa upande: E A R & H. Reli na Bandari za Afrika Mashariki! Shirika hilo lilizaliwa 1948 reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika, na 1969 bandari zikatengwa, H ikaondoka. Basi randa hii ilipata alama yake ndani ya miaka hiyo 21, kwenye karakana fulani ya reli. Mjerumani alishaondoka zaidi ya miaka kumi kabla Record hawajamimina mwili kama huu. Sijui nitamwambiaje mzee.

Kirungu cha mpingo kitasubiri, na tumbo pia. Nimezirudia zile patasi mbili, ambazo wiki zote hizi zilikuwa kwenye kopo chini ya meza. Moja haina kitu. Ya pili, chini ya kutu karibu na mpini, kuna alama moja ninayoweza kuisoma kwa tochi, nayo ni "&". Nimeipaka mafuta ya taa, nimeifunga kwa kitambaa. Kesho Jumapili sina pa kwenda.