Kukaza mkono bila kulegeza

Mama yangu mkubwa, anayeishi Nkuhungu hapa Dodoma, ametumia dawa za presha kwa miaka mingi, na magoti yake hayamruhusu tena kutembea mwendo mrefu kama anavyoshauriwa kila aendapo kliniki. Ndiyo sababu nililifuatilia zoezi la kukaza mkono, ambalo mtu hulifanya akiwa ameketi.

Wengi hudhani ni kuminyaminya kifaa cha springi haraka haraka, lakini msingi wake ni kushika na kutulia. Kwanza mtu hupima nguvu yote ya kiganja chake, kisha hubana kwa takribani asilimia 30 ya nguvu hiyo bila kulegeza kwa dakika 2, hupumzika dakika 1, na kurudia hadi zitimie mara 4. Hufanya hivyo siku 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 10. Mwongozo wa shinikizo la damu uliotolewa Marekani mwaka 2017 unalitaja zoezi hili, ukikadiria kwamba kwa mwenye presha, namba ya juu ya kipimo hushuka kwa takribani 5. Si punguzo kubwa, lakini kwa mtu asiyeweza kutembea mimi silidharau hata kidogo.

Tulipata kifaa chenye kioo kinachoonyesha kilo. Mama mkubwa alipobana kwa nguvu zake zote kilisoma 18, kwa hiyo anatakiwa kubaki kati ya 5 na 6. Dakika ya kwanza aliiona nyepesi. Ya pili ilipofika katikati, mkono ulianza kutetemeka, na hapo nikaona amebana na pumzi pia. Kosa hilo ni la hatari, kwa kuwa presha hupanda wakati misuli imekazwa, na kuzuia pumzi huizidisha. Nilimwomba ahesabu kwa sauti, kwa Kigogo, maana anayehesabu hawezi kuzuia pumzi.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye presha iliyo juu sana au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza, na asiyeanza na aliyeanza wasiache dawa. Sisi tuko wiki ya nne. Vidonge vyake viko palepale karibu na redio, naye huvimeza kwanza ndipo anaponiambia, “Haya mwanangu, lete hicho chuma.”